Kikundi, jozi au kundi la simu: namna ya kuchagua njia ya kusaidiana katika hisabati na sayansi

Kila likizo ya Aprili na ya Agosti inapokaribia, wanafunzi wa sekondari hapa Kisumu, na wenzao wa Nakuru, Kakamega na Bungoma, huanza kupangana: nani atasoma na nani, watakutana wapi, na ni nani atakayefungua kundi la WhatsApp la hisabati. Wazazi nao huuliza kama ni busara kumruhusu mtoto atoke nyumbani kwenda kusoma na wenzake, au kumwachia simu saa mbili kila jioni kwa sababu amesema ana maswali ya kemia. Swali hilo ni la haki, na halina jibu moja, kwa kuwa njia tatu zinazotumika sana, yaani kikundi cha ana kwa ana, jozi ya wanafunzi wawili na kundi la simu, hazifanyi kazi ileile. Kila moja ina tatizo inaloliweza na tatizo linaloishinda. Nafundisha hisabati na kemia, na ulinganisho huu nimeuandika ili mwanafunzi na mzazi wake wachague kwa kuangalia tatizo lililopo badala ya kufuata mahali rafiki walipoelekea.

Kabla ya kuchagua njia, mwanafunzi anapaswa kujua amekwama wapi. Kukwama kuna namna tatu, na mwalimu huzitambua kwa kulitazama daftari tu. Wa kwanza ni yule ambaye ukurasa wake ni mtupu: amelisoma swali, amelinakili, na hajui aanze na nini. Wa pili ameandika hatua nne au tano, lakini mahali fulani katikati alama ya kutoa imegeuka ya kujumlisha, au sentimita hazikugeuzwa kuwa mita, na jibu limeharibika. Wa tatu hupata majibu sahihi akiwa nyumbani, lakini katika chumba cha mtihani muda humwishia kabla hajafika ukurasa wa mwisho. Hawa watatu wakiwekwa pamoja bila mpango, wa tatu atafanya maswali yote, wa pili atanakili masahihisho, na wa kwanza ataondoka na daftari lililojaa mwandiko wake lakini lisilo na wazo lake hata moja.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika muundo wa mtihani wenyewe. Hisabati ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, ina karatasi mbili, kila moja ya saa mbili na nusu na alama 100. Sehemu ya kwanza ya kila karatasi ina maswali 16 ya lazima yenye jumla ya alama 50, na sehemu ya pili ina maswali 8 ya alama 10 kila moja, ambayo mtahiniwa huchagua 5. Dakika 150 kwa alama 100 ni dakika moja na nusu kwa kila alama, hivyo swali la alama 10 limetengewa robo saa tu. Zaidi ya hayo, wasahihishaji hutoa alama za njia mbali na alama za jibu, kwa hiyo mwanafunzi aliyeonyesha hatua zinazofaa kisha akateleza katika hesabu ya mwisho hapotezi kila kitu, ilhali aliyeandika jibu peke yake, na jibu lenyewe likawa si sahihi, hana cha kumtetea. Njia yoyote ya kusaidiana inayomzoesha mwanafunzi kupokea jibu bila hatua inamwandaa kwa mtihani ambao haupo.

Kikundi cha ana kwa ana

Hii ndiyo njia ya zamani kuliko zote, na katika shule za bweni ndiyo iliyozoeleka, kwa kuwa wanafunzi wana prepu ya jioni, yaani saa za kujisomea, wana ubao, na hawaruhusiwi kuwa na simu. Katika shule za kutwa hali ni tofauti. Mwanafunzi anayerudi Nyalenda au Manyatta kabla ya giza, au Kaptembwa kule Nakuru, hana muda wa kukaa na wenzake baada ya masomo, na mara nyingi kikundi chake hukutana Jumamosi tu, shuleni, kanisani au katika maktaba ya umma. Maktaba za taifa zilizoko Kisumu, Nakuru na Kakamega zinafaa kwa usomaji wa kimya, lakini kikundi kinachobishana kuhusu mlinganyo hakiwezi kukaa ndani bila kuwaudhi wengine, na jambo hilo dogo limevunja vikundi vingi vilivyoanza vizuri. Mahali pa kukutania pajadiliwe mapema, pamoja na saa ya kuondoka, hasa kwa wasichana wanaorudi kwa miguu.

Nguvu ya kikundi iko katika kulinganisha. Tuseme wanafunzi watano wamepewa swali hili la titresheni, yaani kupata ukolezi wa kimiminika kimoja kwa kukichanganya na kingine hadi vibatilishane: sentimita mchemraba 25 za haidroksidi ya sodiamu yenye ukolezi wa moli 0.1 kwa lita zimebatilishwa kikamilifu na sentimita mchemraba 20 za asidi ya salfuriki. Ukolezi wa asidi ni upi? Kila mmoja anafanya peke yake. Wanapofunua madaftari, wawili wana moli 0.125 kwa lita, na watatu wana 0.0625. Jibu moja ni mara mbili kamili ya jingine, na hapo ndipo mazungumzo yenye faida huanzia, kwa sababu tofauti ya aina hiyo haiji kwa bahati mbaya. Wote walipata moli 0.0025 za haidroksidi ya sodiamu. Wale wawili wakaziweka moja kwa moja katika sentimita 20 za asidi, wakasahau kwamba kila molekuli ya asidi ya salfuriki hubatilisha mbili za haidroksidi, na kwa hiyo moli za asidi ni nusu, yaani 0.00125. Anayeligundua kosa hilo kwa kubishana na jirani yake halisahau kwa urahisi. Anayesomewa jibu sahihi atalirudia kosa lilelile katika karatasi ijayo, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha mahali alipopotokea.

Tazama, hata hivyo, sharti lililofichika katika mfano huo: kila mmoja alifanya kwanza peke yake. Kikundi ambacho wanachama wake hukutana wakiwa na swali jipya mbele yao, kisha mmoja akashika chaki, kwa kweli ni somo linalofundishwa na mwanafunzi ambaye hajasomea ualimu. Jambo hili lina ushahidi wa miaka mingi. Katika miaka ya 1970, Uri Treisman, aliyekuwa akifundisha hisabati katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitaka kujua kwa nini wanafunzi wengi weusi, waliofaulu vizuri katika shule walikotoka, walikuwa wakianguka somo la kalkulasi, ilhali wenzao wa asili ya Kichina walifanya vyema. Alipofuatilia jinsi walivyosoma, aliona kwamba waliokuwa wakianguka hawakuwa wavivu. Walijitahidi kwa saa nyingi, lakini kila mmoja alikuwa peke yake. Wale wengine walifanya kazi zao peke yao kwanza, kisha jioni wakakutana kulinganisha majibu, kusahihishana na kuulizana. Treisman akaanzisha warsha zilizofuata utaratibu huo, akiwapa wanafunzi maswali magumu badala ya yale mepesi ya kuwafariji, na matokeo yao yakabadilika. Namtaja kwa kirefu kwa sababu wanafunzi wetu wengi huelekea upande mmoja tu: ama wanajifungia, ama wanakutana mikono mitupu.

Idadi nayo ina uzito wake. Wanne au watano wanatosha. Wakifika wanane, wawili watakuwa wakizungumza habari za mechi ya jana, na yule mwenye ukurasa mtupu atapata pa kujificha. Hatari nyingine, ambayo mimi naiona kubwa kuliko kelele, ni mwanafunzi mmoja mwenye kasi ambaye hulijibu swali kabla wengine hawajamaliza kulisoma. Yeye hana nia mbaya, na mara nyingi anapendwa, lakini kila anapotaja jibu anawanyima wanne nafasi ya kukosea. Kikundi kinachofaa humpa huyo kazi ya kuuliza: aseme "umejuaje?" na "ungefanyaje kama namba ingekuwa hasi?", na asiguse kalamu ya mwenzake.

Kuhusu lugha ya kikundi, sioni sababu ya kuwabana. Mtihani huandikwa kwa Kiingereza, na hatua za mwisho ziandikwe hivyo, lakini sababu ya kila hatua ielezwe kwa Kiswahili, Kijaluo, Kiluhya au Kikikuyu, lugha yoyote ambayo wote waliopo wanaielewa. Mwanafunzi anayeweza kumweleza mwenzake kwa lugha ya nyumbani kwa nini maji yanapochemka joto lake halipandi tena, ingawa jiko bado linawaka, ameielewa fizikia hiyo. Anayeweza tu kukariri sentensi ya kitabu huenda hajaielewa.

Wawili wawili

Jozi ni njia inayodharauliwa, na kwangu mimi ndiyo inayomfaa zaidi yule wa kwanza, mwenye ukurasa mtupu. Sababu yake ni nyepesi: palipo na watu wawili, hakuna wa tatu wa kumsubiri aseme. Mwanafunzi anayeona haya kuuliza mbele ya watano huuliza mbele ya mmoja. Kuuliza si ujinga, ndivyo tunavyowaambia tangu shule ya msingi, lakini tukumbuke kwamba kijana wa miaka 16 anayemwomba mwenzake amweleze tena jinsi ya kujumlisha sehemu anahisi anaivua heshima yake hadharani, na hakuna methali inayomwondolea hisia hiyo. Jozi humpa faragha.

Swali gumu ni la kumchagua mwenza. Je, awe hodari au awe sawa naye? Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, alianza mwaka 1991 kuigawa mihadhara yake kwa maswali mafupi: kila mwanafunzi hufikiri peke yake na kuchagua jibu, kisha humgeukia jirani aliyechagua jibu tofauti na kujaribu kumshawishi, halafu wote huchagua tena. Kinachofanya kazi hapo ni tofauti ya mawazo zaidi ya tofauti ya uwezo. Kwa hiyo wawili wa kiwango kinachokaribiana, waliopata majibu tofauti, wana mengi ya kupeana. Chukua swali la gari linalokwenda kilomita 72 kwa saa katika barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret, likafunga breki na kusimama kwa sekunde 4: limekwenda umbali gani likifunga breki? Mmoja anachukua wastani wa 72 na sifuri, anazidisha kwa 4, anapata 144. Mwenzake anageuza kwanza kilomita 72 kwa saa kuwa mita 20 kwa sekunde, anapata mita 40. Wakiulizana ni jibu gani linaloaminika, watagundua kwamba mita 144 ni zaidi ya urefu wa uwanja mzima wa mpira, na kwamba gari lenye kasi hiyo haliwezi kuumaliza uwanja mzima kwa sekunde 4 huku limefunga breki. Hakuna mwalimu aliyehitajika hapo, ila mtu mmoja mwenye jibu tofauti na subira ya kusikiliza.

Lakini ukurasa ukiwa mtupu kabisa, wawili walio sawa watatazamana tu. Hapo anahitajika mwenza aliyetangulia kidogo, na nasisitiza neno kidogo. Yule anayeongoza darasa mara nyingi ameshasahau ugumu wa mahali pa kuanzia, na huruka hatua mbili bila kujua. Mwenye alama za wastani, aliyeielewa mada hiyo mwezi uliopita, bado anakumbuka kilichomkwamisha. Naye hapotezi muda wake, kama wazazi fulani wanavyohofia wanapoona mtoto wao anafundisha wengine wakati angeweza kusoma. Mtu anayelazimika kueleza kwa nini (x + 3) mara (x + 3) si x² + 9, akamwekea mwenzake x = 1 ili aone kwamba upande mmoja unatoa 16 na mwingine 10, anauimarisha ujuzi wake mwenyewe wa aljebra kuliko ambavyo angeuimarisha kwa kufanya maswali kumi ya aina hiyo peke yake.

Udhaifu wa jozi ni utegemezi. Wawili wakizoeana sana, mmoja huanza kungoja, na mwingine huanza kufanya. Kubadilisha wenza kila baada ya mada, si kila baada ya muhula, kunapunguza hatari hiyo. Udhaifu wa pili ni kwamba wawili wanaweza kukubaliana juu ya kosa moja na kutulia nalo, jambo ambalo katika kikundi cha watano si rahisi kutokea.

Kundi la simu

Simu ina faida ambayo njia nyingine haziwezi kuipata: inawaunganisha walio mbali. Wanafunzi wa shule moja ya bweni ya Kakamega huenda likizo wakatawanyika hadi Nakuru, Siaya, Turkana na Mombasa, na bila kundi la WhatsApp kila mmoja angekaa na maswali yake hadi shule ifunguliwe. Tena kundi huhifadhi. Maelezo yaliyotumwa Jumatatu yanaweza kusomwa tena Ijumaa, na mwanafunzi mwenye aibu anaweza kuyasoma bila mtu kujua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiyahitaji.

Hata hivyo hisabati haiandikiki vizuri katika ujumbe wa simu. Mtu akiandika 1/2x, je, anamaanisha nusu ya x, au moja kugawanywa kwa 2x? Kwa x = 4, maana ya kwanza inatoa 2, na ya pili inatoa moja ya nane. Nimeona mabishano marefu kati ya wanafunzi wawili ambao wote walikuwa sahihi, kila mmoja akijibu swali lake. Dawa yake ni kuandika kwa mkono, kwa kalamu nyeusi, na kutuma picha iliyopigwa mchana au chini ya taa ya kutosha. Sauti iliyorekodiwa inafaa sana kwa biolojia na kwa sehemu za kemia zinazohitaji maelezo, lakini kwa hesabu za hatua nyingi msikilizaji hupotea baada ya hatua ya tatu. Michoro ya jiometri, mageuzo na maumbo yenye urefu, upana na kimo iachwe hadi watakapokutana, kwani pembe kati ya mstari na bapa huonekana vizuri zaidi mtu akishika kalamu juu ya daftari kuliko katika picha kumi.

Tatizo kubwa zaidi ni kasi ya jibu. Mwanafunzi anatuma picha ya swali saa mbili usiku, na kabla hajaweka simu chini jibu limeshafika, wakati mwingine kutoka kwa mwenzake, wakati mwingine kutoka kwa programu inayosoma picha na kutoa hatua zote. Programu hizo sizikatai. Mwanafunzi aliyejaribu, akakwama katika hatua ya nne, akatazama hatua ya nne tu kisha akaifunga simu, ametumia kifaa vizuri. Lakini kundi lisilo na kanuni hugeuka haraka kuwa mahali pa kuchota majibu. Kanuni moja inatosha, na msimamizi wa kundi aisimamie bila kuona haya: hakuna swali linalotumwa bila picha ya jaribio la mwenye swali, hata kama jaribio lenyewe ni mstari mmoja wenye kosa. Anayejibu naye hatumi suluhisho zima. Anazungushia duara mahali palipoharibika na kuuliza swali moja.

Gharama isisahaulike. Familia nyingi zina simu moja yenye intaneti, nayo ni ya mzazi, na huenda inatumika pia kwa biashara ya M-Pesa au ya bodaboda. Kundi linalotuma video ndefu linamwacha nje mwenye bando ndogo. Picha moja iliyo wazi inagharimu kidogo na inafundisha zaidi.

Kuna jambo moja ambalo mzazi anapaswa kulikagua mwenyewe. Miezi ya Oktoba na Novemba, makundi ya simu hujaa watu wanaodai kuuza karatasi za KCSE. Wengi wao ni matapeli tu, na hata pale ambapo si matapeli, Sheria ya Baraza la Mitihani la Kenya ya mwaka 2012 inaweka adhabu kwa anayepatikana na karatasi ya mtihani kabla ya wakati, mbali na matokeo yenyewe kufutwa. Kundi ambamo tangazo kama hilo limetokea na msimamizi hakuliondoa siku hiyohiyo si kundi la kusomea tena, na mtoto atolewe humo mara moja.

Mkubwa kumsaidia mdogo

Shule nyingi zina desturi ya mwanafunzi wa Kidato cha 4 kumlea wa chini katika somo moja. Ni desturi nzuri, lakini kipindi hiki ina mpaka ambao haukuwepo zamani. Gredi ya 10 ya kwanza, ya mtaala mpya wa umilisi, iliingia shule za upili Januari 2026, na wale wa mtaala wa zamani waliofanya KCPE ya mwisho, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2023 watafanya KCSE mwaka 2027. Kwa hiyo kundi hilo la kwanza la Gredi ya 10 halina wakubwa waliopita njia yao. Mwanafunzi wa Kidato cha 4 anaweza kumsaidia wa Gredi ya 10 katika logi, trigonometria au kusawazisha milinganyo ya kemia, kwa kuwa hizo hazibadiliki na mtaala, lakini asimpe makaratasi ya zamani ya KCSE na kumwambia kwamba ndivyo atakavyotahiniwa. Isitoshe, hisabati ya Gredi ya 10 imegawanyika: wanaofuata mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati husoma hisabati ya msingi mpana, na wa mikondo mingine husoma hisabati ya matumizi ya kila siku iliyo nyepesi zaidi. Kikundi kinachochanganya hao wawili kianze kwa kulinganisha yaliyomo, la sivyo mmoja atatishwa na mada ambayo hataulizwa kamwe. Kwa hali hiyo naona wanafunzi wa Gredi ya 10 wanahitaji wenzao wa rika kuliko wanavyohitaji wakubwa.

Kazi za maabara

Karatasi ya tatu ya fizikia, kemia na biolojia ni ya vitendo, na kila moja ina alama 40. Hapa simu na maneno havitoshi. Katika shule zenye vifaa vichache, watano huzunguka bureti moja, ule mrija wa kupimia kimiminika, na kwa kawaida ni mmoja anayeshika, mmoja anayeandika na watatu wanaotazama. Kama kikundi kina uchaguzi wowote, wajibu huo ubadilishwe kila mara kipimo kinaporudiwa, ili kila mkono uufungue na kuufunga mfereji wa bureti angalau mara moja.

Si kila kitu kinahitaji maabara, hata hivyo. Mradi wa kuimarisha hisabati na sayansi uliojulikana kama SMASSE, ulioanza mwaka 1998 kwa ushirikiano wa Kenya na Japani na ambao Kakamega ilikuwa miongoni mwa wilaya zake za majaribio, uliwahimiza walimu kutumia vitu vinavyopatikana mahali walipo, na wanafunzi wanaweza kufanya vivyo hivyo likizoni. Funga jiwe dogo kwenye uzi, pima mita 1 kutoka mahali pa kuning'iniza hadi katikati ya jiwe, livute kidogo tu pembeni na uliachilie. Mizunguko 20 kamili itachukua sekunde zinazokaribia 40. Fupisha uzi hadi sentimita 25, na mizunguko 20 itachukua kama sekunde 20: urefu umekuwa robo, muda umekuwa nusu. Wanafunzi watatu, mmoja Bungoma, mmoja Kisumu, mmoja Nakuru, wakifanya jaribio hilo kila mmoja kwa urefu tofauti na kutumiana vipimo, wana jedwali zima la kuchorea grafu kabla ya usiku. Hapo ndipo kundi la simu linafanya kazi ambayo kikundi cha mtaa mmoja hakihitaji kuifanya, na kila mmoja amegusa uzi kwa mkono wake.

Nani achague nini

Mwenye ukurasa mtupu aanze na jozi, tena na mwenza aliyetangulia kidogo, kwa mada moja hadi aweze kuandika mistari mitatu ya kwanza bila kusaidiwa. Asikimbilie kikundi kabla ya hapo. Anayekosea katikati anafaa zaidi katika kikundi cha wanne, kwa sababu makosa ya namna hiyo hufichuka majibu yanapolinganishwa, na yeye mwenyewe hayaoni hata akirudia mara tatu. Anayeishiwa na muda hahitaji maelezo ya mtu yeyote. Anahitaji mwenza wa kumshikia saa, karatasi nzima ya saa mbili na nusu bila kusimama, kisha wabadilishane madaftari na kusahihishana kwa mwongozo wa kusahihisha, alama za njia na alama za jibu kila moja kwa sehemu yake. Kuhesabu sehemu ya pili ya karatasi kwa robo saa kwa kila swali ni zoezi ambalo jozi hulifanya vizuri kuliko kikundi chochote.

Kundi la simu liwe la likizo na la maswali mafupi, lisiwe mbadala wa kukutana kwa wanafunzi wanaoishi mtaa mmoja. Mzazi wa Milimani mwenye intaneti ya nyumbani na mzazi wa Kondele anayenunua bando ya siku hawana uamuzi uleule, na mtoto asilaumiwe kwa kuchagua kutembea hadi kwa mwenzake badala ya kuandika ujumbe. Kwa shule za bweni, ambako uchaguzi ni kati ya kikundi na jozi tu, ningependekeza nusu ya kwanza ya prepu iwe ya kimya kabisa, kila mtu na daftari lake, na nusu ya pili iwe ya kulinganisha. Mwalimu wa zamu akiusimamia mpangilio huo kwa wiki chache, wanafunzi wenyewe hawataki tena kuuacha.

Linabaki swali ambalo kikundi kizima kimelishindwa, na kila kikundi cha kweli hulipata moja au mawili kila wiki. Lisipuuzwe, wala lisitumwe kwa mtu wa nje ili alijibu kwa niaba yao. Liandikwe katika ukurasa wake, na chini yake yaandikwe majaribio yote ya wanachama, hata yaliyokinzana, kila moja likiishia pale lilipokwama. Mwalimu anayeletewa ukurasa wa namna hiyo Jumatatu asubuhi haanzi kufundisha mada upya. Anaweka kidole kwenye mstari mmoja, na wanafunzi wanaorudi kwenye madawati yao wanajua ni nani kati yao aliyekaribia na ni hatua gani iliyomkosesha.